Aliye Darini na Aliye Mfukoni

Nimeirudia The Lives of Others (2006) ya Florian Henckel von Donnersmarck, mara ya tatu sasa, na safari hii imenikera kidogo. Si kwamba ni mbaya, la. Ulrich Mühe, akiwa Kapteni Wiesler wa Stasi, anakaa darini Berlin Mashariki mwaka 1984, vifaa vya kusikilizia masikioni, akinasa maisha yote ya mwandishi wa tamthilia Georg Dreyman na mpenzi wake. Uso mkavu kama jiwe, halafu polepole unaona jiwe linalegea. Anaanza kuandika ripoti za uongo ili amlinde mtu aliyetumwa kumchunguza. Hapo ndipo tunapolia, na hapo ndipo panaponikwama: filamu inatufariji kwamba anayetusikiliza ni binadamu, na binadamu huguswa.

Francis Ford Coppola hakutupa faraja hiyo. Katika The Conversation (1974), Gene Hackman ni fundi wa kunasa mazungumzo ya watu, na kwake hiyo ni biashara tu. Mteja akilipa, kanda anakabidhiwa. Mwishoni fundi mwenyewe anang'oa mbao za sakafu yake akitafuta kidude kinachomsikiliza, na hakipati. Huyu ndiye aliye karibu na simu yako, sio Wiesler.

Maana hii ni biashara, na biashara ina hesabu zake. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika (isomeni jamani, ni fupi, haing'ati): muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anashusha bei ya yote, na wenye magari mazuri wanajitoa sokoni. Mkopeshaji naye ni kama mnunuzi yule. Hajui nani atalipa. Zamani alidai hati ya shamba. Kenya, baadhi ya programu za mikopo zikaona njia ya mkato: kusoma namba zilizo kwenye simu yako. Ukichelewa, anapigiwa bosi, anapigiwa mama mkwe. Mwanauchumi ataziita namba hizo taarifa. Mimi naziita rehani, na kinachowekwa rehani ni aibu. Tena sio yako peke yako, kwa sababu mama mkwe hakubonyeza "nakubali" popote.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza mchezo huo. Safi kabisa. Lakini Akerlof bado ananibana: ukimnyang'anya mkopeshaji rehani hiyo, anarudi gizani, na giza atalitoza riba. Nani atailipa? Mama mboga ambaye hajawahi kuchelewesha deni hata siku moja.

Filamu ya swali hilo sijaiona bado. Ningemkabidhi Coppola yule wa 1974, aianzie kwa mama mkwe: saa mbili usiku, sufuria jikoni, simu inaita, namba haijui.