Namna ya kupima utata wa molekuli: kwinini na klorokwini

Aliyewahi kumeza kwinini anaukumbuka uchungu wake na masikio kuvuma. Aliyemeza klorokwini huenda anaukumbuka mwasho. Mkemia wa dawa anaona tofauti nyingine: klorokwini huundwa kiwandani bila taabu kubwa, ilhali kwinini bado hukamuliwa kutoka magome ya msinkona, kwa kuwa umbo lake ni tata. Utata huo unapimwaje?

Mwaka 2009, Frank Lovering na wenzake walipendekeza kipimo chepesi: hesabu kaboni zenye bondi moja moja pande zote nne, kisha gawa kwa kaboni zote. Kaboni hizo huipa molekuli kimo na kina. Za pete bapa huilaza kama chapati. Walionesha kuwa wastani hupanda kutoka 0.36 kwa molekuli zilizo utafitini hadi 0.47 kwa dawa zilizoidhinishwa.

Tukijaribie kwa dawa zetu mbili. Kwinini ina kaboni 9 za aina hiyo kati ya 20, yaani 0.45. Klorokwini ina 9 kati ya 18, yaani 0.50. Kipimo kimeipa ushindi molekuli iliyo rahisi! Kosa liko mkiani mwa klorokwini: kaboni za mnyororo ule unaoning'inia zimehesabiwa sawa na zile zilizofungwa katika pete za kwinini.

Kipimo kilichotolewa mwaka 2023 na Adrian Krzyzanowski na wenzake huihoji kila atomi: bondi zako ni za aina gani? Umo katika pete isiyo bapa? Una mpangilio wa mkono wa kulia au wa kushoto? Una majirani wangapi, hidrojeni kando? Kila jibu hupewa namba, kisha namba hizo huzidishwa, idadi ya majirani ikiwa kwa kipeo cha pili. Kaboni ya ncha ya mkia wa klorokwini hupata 3×1×1×1, yaani 3. Kaboni ya kwinini yenye mkono, iliyo katika pete kando ya naitrojeni, hupata 3×2×2×9, yaani 108.

Namba hiyo inagusa fundo lenyewe. Kwinini ina kaboni nne zenye mkono, na ni mwaka 2001 tu ambapo Gilbert Stork na wenzake walitangaza njia ya kuiunda huku wakiiongoza mipangilio yake yote.

Uwiano wa 2009 unafaa kuchekechea maelfu ya molekuli kwa haraka. Ila kabla maabara haijaamua kuunda molekuli moja, kila atomi ihojiwe.