Kiasi cha Kosa Hutaja Sababu

Mwenye kompyuta katika Mji wa Kale wa Mombasa, akiona saa yake imepotea, limpasalo kwanza si kuirekebisha bali ni kuupima upotevu wenyewe. Kwani aghalabu kiasi cha kosa ndicho kinachoitaja sababu, na aharakishaye kusahihisha huufuta ushahidi kabla hajausoma.

Kosa la sekunde chache kwa siku ni la fuwele ya kwatzi, itetemayo mara 32,768 kwa sekunde, ambayo imeafikiana na joto la nyuzi 25 na hupunguza mwendo ndani ya sanduku lililofukuta kwa hari ya pwani. Kosa la miaka, linalozuka kila umeme ukizimwa, ni la betri ya CR2032, ile ndogo ya mviringo kwenye bodi kuu, ambayo volti zake 3 zimekwisha kushuka. Kosa la saa tatu kamili ni la majira: Windows huandika kwenye saa ya bodi majira ya mahali, ilhali Linux huandika ya UTC, yaani majira ya kimataifa, nasi tumeitangulia UTC kwa saa tatu, basi mashine yenye mifumo yote miwili, kila mmoja huitengua kazi ya mwenziwe. Na kosa la saa sita ni la mkono wa mtu, aliyeandika mbili ya asubuhi kwa hesabu yetu palipotakiwa nane.

Lakini lipo pia lidhaniwalo kosa nalo si kosa. Majira ya Afrika Mashariki yafuata longitudo ya nyuzi 45, na Mombasa i karibu na nyuzi 39 na dakika 40. Hivyo jua hupita juu ya Msikiti wa Mandhry yapata saa sita na dakika 21, likitangulia au kuchelewa takriban robo saa kwa misimu. Tangu 1937 hadi katikati ya 1942 saa za Kenya ziliitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, karibu zaidi na jua letu. Leo ni saa tatu kamili, na katika orodha ya majira sharti ichaguliwe Nairobi, kwani Mombasa haimo.

Tiba nayo ina taratibu: betri, kisha majira, kisha saa isogezwe kwa mkono hadi karibu na kweli, ndipo mtandao uitwe. Atangulizaye mtandao hukwama, kwa kuwa kivinjari chenye tarehe ya zamani hukataa vyeti vya tovuti kikidhani muda wa vyeti hivyo haujaanza, na programu ya ntpd, isahihishayo saa kupitia mtandao kwa itifaki aliyoiasisi David Mills mwaka 1985, kwa kawaida huacha kazi ikikuta tofauti ipitayo sekunde 1000.

Hatimaye mashine ichomolewe umeme usiku kucha, na asubuhi saa isomwe kwenye BIOS, programu ya bodi kuu itanguliayo kuamka, kabla ya kuunganisha mtandao. Maana mtandao huisahihisha saa upesi hata ukaificha betri iliyokufa, na wakala wa forodha atiaye tarehe kwenye hati za shehena atayajua maradhi hayo siku mtandao utakapokatika.