Aliir Aliir: beki mzaliwa wa Kakuma aliyeuzwa kwa bei ya chini

Novemba 2013, vilabu 18 vya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia ambao si soka tunayoijua, vilikaa kuchagua vijana wapya. Wa kwanza kuitwa alikuwa Tom Boyd, mshambuliaji mrefu aliyesifiwa nchi nzima, akachukuliwa na GWS Giants. Majina yakaendelea kutajwa mpaka zamu ya 44, ndipo Sydney Swans wakamtaja Aliir Aliir. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, Kenya, na wazazi wa Sudan Kusini. Alikwenda Australia akiwa mtoto, na mchezo wenyewe akaanza kuujua Brisbane alipokuwa ameshabaleghe.

Nimeifuata safari yake kwa sababu ni kisa cha mzaliwa wa Kenya kinachoonyesha, kwa hesabu kabisa, namna vilabu vinavyokosea kumpimia mchezaji thamani. Na sisi wa Miritini na Changamwe, hapa Mombasa, tunaokaa na vijana wanaosubiri kuonwa na skauti, hesabu hiyo inatuhusu.

Tuanze na utaratibu. Kule, kijana hajiuzi kwa klabu aipendayo. Kila mwaka hufanyika drafti, yaani uteuzi wa zamu kwa zamu, na klabu iliyoshika mkia kwenye ligi ndiyo huanza kuchagua. Zamu yenyewe ni mali: klabu inaweza kuitoa ipate mchezaji, na tangu 2015 inaweza kutoa hata zamu ya mwaka ujao ambayo haijulikani bado itaangukia namba gani. Mwaka huohuo ligi ilianza kutumia jedwali la pointi linaloipa kila zamu thamani yake. Zamu ya kwanza ilipewa pointi 3,000, ya pili 2,517, ya kumi 1,395. Ya 44 ilipewa 362. Tukilirudisha jedwali hilo nyuma hadi 2013, Boyd alikuwa na thamani ya zaidi ya mara 8 ya Aliir siku walipoitwa.

Kwa nini Aliir alisubiri hivyo? Skauti hulipa kwa kile walichokiona kwa miaka mingi. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka minane ana rekodi ndefu. Aliyeanza amechelewa ana rekodi fupi, na rekodi fupi huhesabiwa kama hatari. Aliir alilazimika kuhamia upande wa pili wa nchi, Australia Magharibi, akachezea East Fremantle mwaka 2013 ndipo wakubwa wakamtazama sawasawa. Hapo sioni kosa kubwa. Kosa lenyewe lilikuja baadaye, wakati rekodi ilikuwapo na bado haikusomwa vizuri.

Sydney walimpokea wakimwona kama mtu wa mbele na wa kugombea mipira ya juu katikati ya uwanja, maana alikuwa mrefu na mwenye kuruka. Kisha wakamrudisha nyuma, na huko nyuma ndiko kipaji chake kilikokuwa. Msomaji asiyeujua mchezo huu aelewe jambo moja: mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa wala kudunda, hupewa nafasi ya kuupiga bila kuingiliwa. Basi beki anayedaka pigo la adui amefanya kazi mbili kwa mkupuo. Amezima shambulizi, na papo hapo ameanzisha la kwao huku wapinzani wametawanyika mbele. Si kazi ya urefu peke yake. Beki wa namna hii huanza kukimbia kabla mpira haujapigwa, kwa kumsoma mpigaji: mwili umeelekea wapi, amebanwa kiasi gani, mguu upi utapiga. Halafu humwacha mtu wake kwa makusudi akaukute mpira unakoangukia. Akikosea hesabu, ni goli. Ndiyo maana makocha wengi huogopa kumpa beki ruhusa hiyo.

Mwaka 2016 Aliir alianza kucheza ligi na akatulia safu ya ulinzi. Sydney wakafika fainali, lakini goti lake lilikuwa limeumia mechi moja kabla, akaikosa. Walioshinda fainali ile ni Western Bulldogs, ubingwa wao wa kwanza tangu 1954, na aliyewafungia magoli matatu ni Tom Boyd yuleyule. Bulldogs walikuwa wamemchukua kutoka GWS mwaka 2014 kwa kumtoa nahodha wao Ryan Griffen pamoja na zamu ya 6, wakampa mkataba wa miaka saba. Mei 2019 Boyd alistaafu akiwa na miaka 23. Bei ile ilikuwa kubwa kwa kijana wa msimu mmoja tu, lakini shabiki yeyote wa Bulldogs atakwambia kombe limelipa deni. Nami nakubaliana naye.

Aliir aliendelea Sydney hadi 2020, mechi 64 kwa jumla, na mara nyingine timu ilipopungukiwa alipelekwa tena kugombea mipira ya katikati. Mwisho wa msimu huo Sydney, waliomaliza nafasi ya 16, walimwachia aende Port Adelaide kwa zamu moja tu ya raundi ya pili ya mwaka 2021. Kwenye jedwali la wakati huo, raundi ya pili ilianzia zamu ya 19 hadi ya 36, yaani pointi 948 kushuka hadi 502. Na zamu hiyo ilitegemea Port wamalize wapi: wakifanya vizuri, inashuka thamani.

Port walifanya vizuri. Walikuwa wameongoza msimu wa kawaida wa 2020 wakatolewa na Richmond kwa pointi 6, hatua moja kabla ya fainali. Kocha Ken Hinkley alikuwa na timu tayari, pengo likawa moja: mtu wa nyuma wa kuisoma na kuidaka mipira ya adui. Hawakumnunua Aliir ili aje afanye kila kitu. Walimpa kazi ile moja na ruhusa ya kumwacha mtu wake. Msimu wa 2021 walimaliza nafasi ya pili, na Aliir akaingia All-Australian, kikosi bora cha ligi nzima. Zamu waliyoitoa ilikuwa imeshuka hadi mwisho wa raundi, pointi mia tano na ushei.

Je, Sydney walifanya upumbavu? Hapana. Walikuwa wanajenga upya, na bila Aliir walifika fainali ya 2022 na ya 2024, ingawa walishindwa zote mbili. Kumwachia lilikuwa jambo la kujadilika. Bei ndiyo naipinga. Walimthaminisha kama mtu wa kuziba mapengo kwa sababu wao wenyewe ndio waliomtumia kuziba mapengo. Rekodi ya miaka yake ilichanganya kazi aliyoijua na kazi alizosukumiwa, kisha wastani wake ukachukuliwa kuwa ndio uwezo wake. Port waliitenga sehemu moja ya rekodi hiyo, wakalipia bei ya mchanganyiko wakapata kilicho safi.

Sasa tuje huku. Bandari FC, pale Mbaraki, ni jirani zetu. Januari 2019 waliitoa klabu ya Simba kwenye nusu fainali ya SportPesa Super Cup huko Dar es Salaam, na mwaka huohuo kipa wao Farouk Shikalo akasajiliwa na Yanga, klabu nyingine ya Dar. Kipa ana bahati kwa jambo moja: nafasi yake haichanganywi na nyingine, kwa hivyo wa Dar walijua wanachonunua. Beki wa mtaani hana bahati hiyo. Kijana mrefu hapa Miritini Jumamosi hii ni beki wa kati, Jumamosi ijayo mshambuliaji kwa kuwa mfungaji yuko kazini, na skauti akija siku ya pili anaondoka akisema huyu hafungi. Magoli yanakumbukwa na kila mtu bila kuandikwa. Mpira uliokatwa kabla haujamfikia mshambuliaji haukumbukwi na mtu.

Makocha wetu wa mitaa, naomba jambo lisilohitaji hela nyingi. Nunueni daftari. Kila mechi andikeni kijana alicheza nafasi gani na kwa dakika ngapi, akakata mipira mingapi, na mingapi kati ya hiyo ilifika kwa mwenzake. Siku mliyomhamisha kwa dharura, andikeni kwamba ilikuwa dharura. Skauti akija, mpeni daftari kwanza, kisha ndio atazame mechi.