Betri ya Pili Hufa kwa Njaa

Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ilipofunguliwa upya mwaka 2015 kupokea wakimbizi kutoka Burundi, barabara za nyanda za juu za Kigoma zimezoea Land Cruiser zenye antena ndefu mbele. Antena ile ni ya redio ya HF, inayofika pale simu isipofika. Kwa kuwa redio hutakiwa kusikika hata injini ikiwa imezimwa, gari hufungwa betri ya pili.

Wazo ni lilelile la mwenye boti la Ziwa Tanganyika asiyetaka taa zimnyime stata akiwa katikati ya maji: betri moja iwashe injini tu, nyingine ibebe mzigo uliobaki. Redio ya HF ya wati 100 ikiwa inasikiliza tu hula umeme kidogo, lakini ukibonyeza kuongea huweza kuvuta ampea 20. Betri iliyochoka huporomoka hapohapo, sauti ikakatika.

Kuzitenga betri si kazi ngumu. Kazi ni kuzichaji zote mbili kwa alteneta moja. Swichi ya mkono ni rahisi na haiharibiki ovyo, ila dereva akisahau kuizima jioni, asubuhi zote mbili zimekwisha na watu wanaanza kusukuma gari. Dayodi haisahau kitu, lakini hutoza ushuru: hula karibu volti 0.7. Alteneta ikitoa 14.2, betri hupata 13.5 siku zote, haijai sawasawa, na salfeti huganda kwenye mabamba ya risasi. Baada ya muda mwenye gari hulaumu duka lililomuuzia betri.

Rilei inayohisi volti ndiyo ninayoipendelea. Alteneta ikipandisha volti hadi 13.2 hivi, rilei huunganisha betri mbili. Zikishuka karibu 12.7, huzitenga. Kwanza betri ya stata hurudishiwa chake, kisha ya redio hupata zamu.

Lakini rilei nzuri huharibiwa na waya mwembamba. Betri ya redio ikikaa nyuma, mita 5 kutoka ya mbele, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, ule wa kufungia jiko la umeme nyumbani, hupoteza karibu volti 0.6 kwa ampea 40. Waya wa milimita 35 hupoteza 0.1 tu. Ni kweli upotevu huo hupungua kadiri betri inavyojaa, tofauti na wa dayodi, ila gari linalotoka Kibondo mjini hadi Nduta na kuzima injini halina muda wa kusubiri.

Fyuzi nazo ziwe mbili, moja karibu na kila betri. Mafundi wengi hufunga ya mbele pekee. Waya ukisuguliwa na chesisi kwenye barabara ya makorongo, fyuzi ya mbele itakatika, lakini betri ya nyuma itaendelea kumwaga umeme kwenye bati hadi moto uwake. Na betri inayokaa ndani wanakokaa abiria iwe ya kufungwa, isiyotoa gesi hovyo.

Tahadhari nyingine: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za Japani huja na betri mbili zilizoungwa mfululizo kupata volti 24. Hizo si betri za akiba. Ukichomoa volti 12 za redio kwenye moja, hiyo itadhoofika na mwenzake atachajiwa kupita kiasi.

Hata hivyo, sehemu ya mwisho ya kuijaza betri ya risasi na asidi huchukua saa nyingi, na safari fupi hazitoi muda huo. Kwa gari la kambini, alteneta pekee haitoshi hata ufungaji ukiwa bora. Liwekeeni chaja ya ukutani kwa usiku, au paneli ndogo ya sola juu ya paa yenye kidhibiti chake, kabla ya kununua betri nyingine.