Mashahidi Wawili wa Kijiji

Picha ya kwanza ya kijiji cha Uingereza niliyoiona maishani mwangu ilikuwa juu ya kalenda iliyotundikwa ukutani nyumbani kwa mwalimu wangu. Ilionyesha nyumba ndogo ya mawe yenye paa la nyasi, mwaridi umepanda hata juu ya mlango, na njia nyeupe isiyokuwa na mtu wala mnyama. Miezi ya kalenda hiyo ilikuwa imekwisha zamani, lakini mwalimu hakuiondoa kwa ajili ya uzuri wa picha. Niliitazama mara nyingi, nikaamini kwa yakini ya mtoto kwamba katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyelala na njaa. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno. Picha ilikuwa kimya, nami nikasema kwa niaba yake, na tangu siku hizo nimekuwa na deni la kujisahihisha.

Uingereza ina hazina kubwa ya picha za kale za miji na vijiji vyake, na kando ya hazina hiyo iko nyingine, ya kumbukumbu zilizoandikwa na watu waliokulia humo. Watungaji wa vitabu hupenda kuziweka pamoja, picha upande huu na simulizi upande huu, kana kwamba ni mashahidi wawili wa neno moja. Mimi nataka tuwahoji mmoja mmoja. Kila mmoja ana jambo analolijua na jambo analolificha, wala hawafichi jambo lile lile.

Na tuanze na picha. Francis Frith alizaliwa Chesterfield mwaka 1822, akapata mali yake katika biashara ya vyakula mjini Liverpool, kisha akasafiri Misri na Palestina kupiga picha. Aliporudi kwao aliweka makao ya kampuni yake katika mji wa Reigate, mwaka 1860, akiwa na nia ambayo wengi wangeiita wazimu: kupiga picha kila mji na kila kijiji cha nchi yake. Hakuimaliza kazi hiyo, maana kazi ya namna hiyo haimaliziki. Alikufa mwaka 1898, jamaa zake wakaiendeleza, na kampuni haikufungwa mpaka mwaka 1971. Wapiga picha wake walirudi mahali pale pale baada ya miaka mingi, hata leo twaweza kuitazama barabara moja katika zama za magari ya farasi, kisha tukaitazama tena katika zama za motokaa. Hiyo ni sifa kubwa, nami siipunguzi.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Picha hizi zilikuwa bidhaa. Reli zilikuwa zikiwachukua watu wa mijini kwenda pwani na mashambani siku za mapumziko, na aliyekwenda kutembea alitaka kurudi na ukumbusho mkononi. Mwaka 1902 Posta iliporuhusu ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja wa kadi, picha ikaachiwa upande wa pili wote, na biashara ikazidi kupamba moto. Sasa jiulize, msomaji: nani anunuaye kadi yenye picha ya dimbwi la maji machafu apate kumpelekea shangazi yake? Mnunuzi alitaka kanisa, daraja, mto, na nyumba yenye mwaridi mlangoni. Mpiga picha alimpa alichotaka. Hakusema uongo hata kidogo, maana nyumba ile ilikuwako. Aligeuza tu mgongo wake upande wa dimbwi.

Iko na sababu ya ufundi, nayo ningependa kila mwanafunzi aijue kabla hajaamini picha yoyote ya zamani hizo. Katika miaka ya 1860 picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa, na ilipasa kupigwa na kutolewa kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo fundi alitembea na hema la giza, chupa zake na mabamba yake, mzigo wa kumchosha punda. Bamba lilitaka mwanga kwa sekunde kadhaa. Aliyesimama kimya alionekana vizuri. Aliyesogea aligeuka ukungu. Aliyepita upesi hakuacha hata alama. Hivyo barabara unayoiona tupu kama ya mji uliohamwa yaweza kuwa ilikuwa na watu wengi saa ile, wakikimbilia kazi zao. Bamba liliwahifadhi wenye nafasi ya kusimama, likawafuta wenye haraka. Nadhani wengi wa wale wenye haraka walikuwa maskini.

Atakaye kuona jambo hili kwa macho na atazame kazi ya Thomas Annan katika mji wa Glasgow, Uskoti. Kwa sheria ya mwaka 1866 wakuu wa mji ule walipewa idhini ya kubomoa mitaa ya kale iliyosongamana, wakamwagiza Annan apige picha za vichochoro vyake kabla ya kubomolewa. Alifanya kazi hiyo kati ya mwaka 1868 na 1871. Mwanga ulikuwa haba humo, maana kuta zilikaribiana hata jua halikufika chini, kwa hiyo bamba lilikaa wazi muda mrefu. Utaona mawe yaliyolowa, nguo zilizoanikwa juu ya vichwa, na watoto waliosimama wakitazama, baadhi yao nyuso zimegeuka moshi kwa kuwa hawakuweza kutulia. Hakuna mwaridi humo. Kwa maoni yangu hizi ni katika picha za kweli kabisa zilizopigwa Uingereza karne ile, nazo hazikupigwa ili ziuzwe kwa wasafiri.

Hata hivyo, soma maneno yaliyo chini yake. Utaambiwa jina la barabara na nambari ya kichochoro. Jina la mtu hulioni. Wakuu walitaka kukumbuka kuta walizokuwa karibu kuziangusha. Waliokaa ndani ya kuta hizo hawakuulizwa majina yao, wala watakwenda kulala wapi. Picha ya kweli kabisa nayo ina mahali inapofumba macho.

Nimesema hayo juu ya Annan, lakini nikiachiwa kuchagua picha moja ya kuweka chumbani mwangu, nachagua ya Frank Meadow Sutcliffe wa Whitby, mji wa wavuvi katika pwani ya Yorkshire. Yeye alipata riziki kwa kuwapiga picha wageni wa mapumziko, na saa zilizobaki akawatazama jirani zake: wavuvi wakizungumza kandokando ya bandari, wanawake na vikapu vyao, mashua katika ukungu wa asubuhi. Picha yake mashuhuri, iitwayo Panya wa Maji, aliipiga mwaka 1886. Ni watoto wa kiume uchi wakicheza majini bandarini. Inasimuliwa kwamba viongozi wa dini wa mji ule walimshutumu kwa ajili yake. Mimi naona ndani yake furaha ambayo hakuna mtu angeweza kuipanga yote kwa amri.

Naipenda sana, na kwa sababu hiyo siiamini sana. Bandari ile tulivu ndiyo iliyoona, tarehe 9 Februari 1861, mashua ya kuokolea watu ikipinduka katika dhoruba, na watu 12 katika 13 waliokuwamo wakafa maji. Aliyepona, Henry Freeman, alikuwa amevaa koti la kuelea la namna mpya. Hao wanawake wanaosimama kwa uzuri na vikapu vyao walikaa saa nyingi katika baridi wakitoa kome katika magamba na kutia chambo kwenye mishipi yenye ndoana tele. Ukimtazama mwanamke wa Sutcliffe huoni vidole vyake kupasuka. Waona ushungi wake, na nuru iliyouangukia.

Hapo ndipo tunapomhitaji shahidi wa pili. Flora Thompson alizaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire, baba yake akiwa mwashi wa mawe. Alipokuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60 alitoa kitabu chake Lark Rise, mwaka 1939, juu ya kitongoji hicho kama alivyokijua alipokuwa mtoto. Nyumba zake zilikuwa ndugu wa ile nyumba ya kalenda yangu. Lakini sasa mlango unafunguliwa! Twaambiwa kwamba mtu wa kazi za shamba alipata shilingi kumi kwa juma, na kwa hizo alilisha mke na watoto wengi. Twaambiwa kwamba wanawake na watoto waliokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno, wakayatia katika hesabu ya mkate wa mwaka. Wasichana wadogo waliondoka kwenda utumishi katika nyumba za watu, ili kitanda kipate nafasi na chakula kitoshe waliobaki. Kila nyumba ilimfuga nguruwe, naye aliheshimiwa kama mgeni mpaka siku ya kuchinjwa. Na mara nyingi alikwisha kuwekwa rehani ili apate kulishwa, hata mke wa nyumba akasema kwamba juma lijalo watachinja nusu ya nguruwe, maana nusu ya pili ni ya mdai. Kamera gani ingeweza kupiga picha ya nusu ile ya deni?

Laurie Lee naye, katika Cider with Rosie, kitabu cha mwaka 1959 juu ya kijiji cha Slad, amesimulia jambo la kutisha zaidi: mtu mmoja alirudi kutoka ng'ambo na fedha nyingi, akajivuna kilabuni, akapigwa usiku na vijana wa kijiji, akaachwa afe katika theluji. Polisi waliuliza miaka na miaka. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Ukipewa picha ya kijiji hicho, milima yake na miti yake, utasema ni mahali pa amani.

Usifikiri sasa kwamba nimempa ushindi shahidi wa pili. Kumbukumbu nayo ina hila zake. Thompson alijiita Laura, akabadili majina ya mahali, na hatuwezi kujua kila mara ni wapi aliyoyaona yanapokoma na aliyoyatunga yanapoanza. Lee mwenyewe ametuonya mwanzoni mwa kitabu chake kwamba miaka yaweza kuwa imepotosha baadhi ya mambo. Tena wote wawili wana utamu. Jua la utotoni kwao lang'aa kuliko majua mengine, na njaa huonekana kana kwamba iliwapendeza waliokuwa nayo. Wahakiki wakali huita utamu huo udhaifu. Mimi nilifikiri hivyo pia, mpaka niliposoma tena mwisho wa Lark Rise, pale anapotaja vijana 11 wa kitongoji kile kidogo ambao hawakurudi kutoka vita vilivyoanza mwaka 1914. Ndugu yake wa kuzaliwa alikuwa miongoni mwao. Aliuawa mwaka 1916. Baada ya hapo sikuweza tena kuulaumu utamu wake. Mtu anayemkumbuka ndugu aliyekufa humkumbuka akicheza juani. Msomaji mwenye busara atapunguza kidogo ule mwanga, wala hatamkasirikia aliyeuwasha.

Na hapo picha hurudi kusaidia. Katika picha za watoto wa shule za vijijini za mwisho wa karne ya 19 mara nyingi utaona viatu vizito, vipana kuliko miguu, maana vilikuwa vya kaka, na vitakuwa vya mdogo. Utaona viraka. Watoto wengi hawacheki. Mzee anayesimulia kwamba siku zile wote walikuwa na furaha na aitazame picha ya darasa lake kwa dakika tano kisha asimulie tena.

Kipo kijiji kimoja ambako mashahidi hawa wawili wanakaa chumba kimoja. Ni Tyneham, katika pwani ya Dorset. Mwezi wa Desemba 1943 wakazi wake, zaidi ya 200, waliamriwa kuondoka ili jeshi lifanye mazoezi ya vifaru kabla ya kuivuka bahari kwenda Ufaransa. Waliacha barua mlangoni mwa kanisa, wakiomba makao yao yatunzwe kwa heshima, na kusema kwamba siku moja watarudi. Mwaka 1948 serikali ilikitwaa kijiji moja kwa moja, nao hawakurudi kukaa.

Leo mgeni huruhusiwa kuingia siku ambazo jeshi halina mazoezi. Kanisa na shule vimehifadhiwa, na ndani yake zimewekwa picha za kale pamoja na habari za wenyeji: familia hii, nyumba ile, huyu alifanya kazi hii. Mgeni husoma majina, huzitazama nyuso, kisha hutoka nje kuzitafuta nyumba. Katika picha zina mapaa na moshi. Nje kuna kuta za mawe zilizo wazi juu, na nyasi zimeota mahali palipokuwa jikoni.