Shairi na Mauti katika Picha ya Yoshitoshi
Mwaka 1582, Akashi Gidayū alishindwa vitani akimpigania bwana wake, Akechi Mitsuhide. Tsukioka Yoshitoshi alipomchora yapata mwaka 1890, katika mfululizo wake wa picha mia moja za mwezi, hakuchora mapigano wala damu. Shujaa ameketi, shairi lake la kuiaga dunia limekwisha kuandikwa, ilhali uhai wake hajautoa bado. Wapo watakaoisoma picha hii kama sifa kwa kifo cha kishujaa. Usomaji huo unapuuza fani yake. Shairi limeandikwa tena juu, upande wa kulia, na humo ndimo mwezi unamotajwa. Basi si maelezo ya picha tu, bali ni kiini chake. Aidha, hii ni chapa ya mbao: maneno ya mtu mmoja yamechongwa na fundi, yakatolewa nakala nyingi. Tena ilichapwa zaidi ya miaka kumi baada ya samurai kukatazwa, mwaka 1876, kubeba panga hadharani. Hivyo kinachotukuzwa si upanga, bali ni neno lililosalia baada ya mwenye upanga kushindwa.