357686312646216567629137: namba ya kukatakata

Jamani, hii namba! Nimeipata leo na sijaiachia: 357,686,312,646,216,567,629,137. Tarakimu 24. Ukiitazama juu juu utadhani umekwangua vocha ya simu. Ngoja uanze kuikata.

Ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hapo bado hakuna ajabu, maana namba tasa hazina mwisho. Sasa futa tarakimu ya kwanza kushoto, ile 3. Inayobaki ni tasa. Futa 5: tasa. Futa 7: tasa tena! Teremka hivyo hivyo hadi mkiani, 29137, 9137, 137, 37, mpaka ibaki 7 peke yake. Hakuna hata moja iliyoteleza njiani!

Na hii ndiyo kubwa kuliko zote za aina yake. Simaanishi kubwa kati ya zilizokwisha kupatikana. Namaanisha ya mwisho kabisa. Ziko 4,260 tu, na orodha imefungwa.

Kwa nini haiendelei? Hapa ndipo penye utamu. Jumlisha tarakimu zake zote: 112. Bandika 2 mbele, jumla inakuwa 114, ambayo inagawanyika kwa 3, basi na namba nzima inagawanyika kwa 3. Kwisha habari. 5 na 8 zinakufa kifo hicho hicho. Zinabaki 1, 3, 4, 6, 7 na 9, na zote sita zinagonga mwamba. Huko juu namba tasa zimeadimika: hata kati ya zinazoishia na 7, ni takriban moja tu katika kila 23, na wewe kila hatua una tarakimu tisa tu za kujaribu. Kuna siku bahati lazima ikatike. Ajabu ni kwamba ilishikilia mpaka tarakimu ya 24!

Sifuri hairuhusiwi, na ni haki: ukikata 103 unabaki na 03, ambayo ni 3 iliyovaa koti. Huo ni ujanja.

Ipo binamu yake inayokatwa kutoka kulia, 73939133, nayo tamu, ila tarakimu nane tu na imechoka. Jamaa zake wote ni 83. Mimi nabaki na hii ya kushoto.

Kasoro? Kazi haina. Namba tasa zinazolinda siri za benki huwa na tarakimu mamia, hii kwao ni kifaranga. Na kikokotoo cha shule hakiwezi kuibeba. Basi anza na mkia wake, 629137: ukiigawa kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi 787 na kila mara ikabaki baki, umeshaithibitisha. Kalamu na daftari vinatosha.